Chujio la Tanuri na Tundu la Hewa



Swali la mwezi huu limeletwa na mama mmoja mkaazi wa karibu na Place Saint-Josse. Ndugu yake aliyeko Toronto amemhimiza kwa simu kwamba kabla baridi haijakaza abadilishe chujio la hewa katika tanuri la nyumba, kwa kuwa yeye hulibadilisha la kwake kila miezi mitatu na vumbi la nyumbani mwake limepungua. Mama huyu akafungua kifuniko cha mashine yake ya gesi, akatazama juu, chini na ubavuni, wala hakuliona chujio. Sasa anauliza: je, mwenye nyumba ameliondoa, au ndugu yangu ananichezea shere?

Hapana aliyekosa baina yao. Nyumba nyingi za Kanada na Marekani hazipashwi joto kwa njia tunayoitumia sisi huku. Kule, chini ya nyumba au katika chumba kidogo cha pembeni, huwamo tanuri liunguzalo gesi, na feni kubwa huivuta hewa ya vyumbani, ikaipitisha penye joto la tanuri, kisha ikairudisha vyumbani kwa mifereji ya bati. Kabla hewa haijaifikia feni hupita katika chujio, ambalo ni fremu ya karatasi ngumu iliyojazwa nyuzi au kitambaa chepesi cha mikunjo mikunjo. Watu wengi hudhani kuwa chujio hilo liliwekwa kwa ajili ya mapafu ya binadamu. Kwa asili liliwekwa ili vumbi lisiiharibu feni na ile sehemu ya tanuri inayopokea moto. Mapafu yalifaidika baadaye, machujio yalipoanza kutengenezwa kwa nyuzi zilizosongamana zaidi.

Walio na jamaa Toronto, Minneapolis au Columbus waweza kuwapelekea maneno haya. Ukubwa wa chujio umeandikwa ubavuni mwa fremu, na lipya halina budi kuwa sawasawa na la zamani, kwani likipwaya hewa hupita pembeni pamoja na vumbi lake. Tanuri lizimwe kwanza. Juu ya fremu pana mshale, nao uelekezwe upande iendako hewa, yaani kwenye feni na tanuri. Ubora wa kuchuja hupimwa kwa kipimo kiitwacho MERV, na hapa ndipo wengi hukosea, wakanunua lenye namba kubwa kuliko zote wakidhani wamewatendea watoto wao hisani. Chujio zito mno huikaba feni. Hewa ikipungua, tanuri hupata joto la kupita kiasi na kifaa chake cha usalama hulizima. Kwa nyumba ya kawaida namba kati ya 8 na 13 hutosha, kwa kufuata kitabu cha tanuri lenyewe. Jamaa zetu wa Maskati wanayajua haya kwa njia nyingine, maana chujio la kiyoyozi lisipooshwa katika miezi ya joto, mashine hunguruma usiku kucha na chumba kisipoe.

Huku Saint-Josse mambo ni mengine. Mashine iliyo ukutani, ambayo mafundi wa hapa huiita chaudière na sisi tumezoea kuiita boila, haipashi hewa joto bali maji. Maji hayo husukumwa na pampu katika mabomba hadi kwenye radieta zilizo chini ya madirisha, kisha yakarudi. Hapana feni inayozungusha hewa ya vyumbani, kwa hiyo hapana chujio la kubadilisha, na mwenye nyumba asilaumiwe kwa hilo. Namwomba tu mama yetu asikifungue tena kifuniko kile. Katika boila nyingi za kisasa kifuniko ni sehemu ya kizuizi kinachoutenga moto na chumba, na kikirudishwa vibaya moshi waweza kupenya. Kazi hiyo ina mwenyewe, naye ni fundi.

Wapo miongoni mwetu, hata hivyo, wenye machujio nyumbani bila ya wao kujua. Nyumba mpya zinazojengwa katika mkoa wa Brussels, tangu kanuni za mwaka 2008, hazina budi kuwa na mpango wa kuingiza na kutoa hewa. Katika baadhi ya nyumba hizo, na katika za zamani zilizofanyiwa ukarabati mkubwa, kuna sanduku lililofichwa darini au kabatini lenye feni mbili. Moja huingiza hewa safi, nyingine huitoa iliyokwisha kutumika, na joto la itokayo hupewa iingiayo bila ya hewa zenyewe kuchanganyika. Sanduku hilo lina machujio mawili, na kanuni zake ni zile zile za Toronto: zima umeme, shika ukubwa, fuata mshale. Maduka bado huyaita kwa majina ya zamani, G4 kwa lililo jepesi na F7 kwa lililo zito, ijapokuwa tangu 2018 kipimo rasmi ni kingine. Litazamwe kila miezi mitatu, libadilishwe mara moja au mbili kwa mwaka. Lisioshwe ikiwa ni la karatasi, wala sanduku lisiachwe kufanya kazi bila ya chujio hata kwa siku chache. Kuna nyumba ambamo matundu ya dari yamezibwa kwa utepe wa gundi kwa sababu ya kelele; aghalabu kelele hiyo hutokana na chujio lililojaa vumbi, nayo feni inahangaika kulivuta lisilovutika.

Lakini wengi wetu hatukai katika nyumba mpya, na kwa hao ndipo nilipotaka kufika. Saint-Josse ni manispaa ndogo kuliko zote za Ubelgiji, eneo lake ni kilomita moja ya mraba na ziada kidogo, na ndiyo ambayo watu wake wamesongamana kuliko zote. Nyumba zake nyingi ni za karne ya 19: nyembamba, ndefu, vyumba vitatu vikifuatana kama mabehewa, na cha kati hakina dirisha. Nyumba hizo hazikujengwa na bafu. Watu walikwenda kuoga nje, na mabafu ya umma ya rue Saint-François yaliyofunguliwa 1933 ni ushahidi wa zama hizo. Bafu la nyumbani lilikuja baadaye, likachomekwa palipopatikana upenyo, nyuma ya ngazi au kwenye pembe ya jikoni. Humo ikatundikwa hita ya maji ya gesi, ambayo wenyeji huiita chauffe-eau. Nyumba ikagawanywa kuwa makao ya familia tatu au nne, na kila familia ikapata hita yake.

Hita na boila ziko namna mbili, na yapasa kila mmoja wetu aijue ya kwake. Ya kwanza imefungwa kabisa: huvuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi wake nje, aghalabu kwa bomba moja lililo ndani ya jingine, linalotoboa ukuta au kupanda juu ya paa. Hiyo haigusi hewa ya chumba. Ya pili ni ya zamani na iko wazi: huunguza gesi kwa hewa ile ile unayoivuta wewe uogapo, na moshi wake hupanda kwa nguvu ya joto lake tu hadi kwenye dohani. Hita ya namna hii haiwezi kufanya kazi kwa salama isipokuwa chumba kina tundu la kuingiza hewa, aghalabu chini ya mlango au chini ukutani, na dohani iliyo safi. Kuna na ndugu yake wa tatu, ile hita ndogo ya juu ya sinki isiyo na dohani hata kidogo. Hiyo ilikusudiwa kuoshea vyombo kwa dakika chache, nayo haifai kabisa kuogea.

Basi tazameni tunavyofanya. Baridi ya Novemba ikiingia, upepo hupita katika tundu lile na kumpiga mtoto miguuni. Tena gesi imekuwa ghali: ile bei nafuu ya serikali iliyopanuliwa Februari 2021 ili iwafikie watu wengi zaidi ilikoma 30 Juni 2023, na familia nyingi zilirudi kulipa bei ya soko. Mama anachukua kitambaa au mfuko wa plastiki, analiziba tundu, na chumba kinatulia. Nani atamlaumu? Amefanya lile ambalo angelifanya mtu yeyote mwenye huruma na asiyeambiwa tundu lile ni la nini.

Nilipokuwa nikifundisha sayansi, nilikuwa nikiwasha mshumaa mbele ya wanafunzi na kuufunika kwa gilasi. Mwali hufifia, kisha huzimika, na watoto hufurahi. Moto wa gesi hauna adabu hiyo. Ukikosa hewa hauzimiki mara moja bali huendelea kuungua vibaya, na badala ya kutoa hewaukaa ya kawaida hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, hivyo haitui chini wala haipandi juu, bali huenea chumba kizima na kupita chini ya milango. Ikiingia mapafuni huzishika chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, ilhali damu yake haibebi tena kinachohitajiwa na ubongo na moyo.

Dalili zake zadanganya. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, miguu huwa mizito, mtu husinzia. Ni mafua, husema watu, au ni chakula cha jana. Yafaa kushuku pale wote waliomo nyumbani wanapougua kwa pamoja, au maumivu yanapotulia mtu atokapo nje na kurejea arudipo ndani. Mtoto aliye tumboni huathirika kuliko mama yake, na mama mjamzito huweza kujiona hana neno ilhali mwanawe amo hatarini.

Kuna na hatari ambayo haimo katika tundu peke yake, nayo naiona ikizidi mtaani petu. Mwenye nyumba anatoa madirisha ya zamani yaliyokuwa yakivuja upepo na kutia mapya ya vioo viwili. Ni jambo jema na fedha ya joto hupungua. Lakini mianya ile ya zamani ndiyo iliyokuwa ikiilisha hita hewa, pasipo mtu kujua. Kisha jikoni hutiwa kivuta moshi, kile wanachokiita hotte, kinachotoa hewa nje kwa nguvu ya umeme. Feni hiyo haiulizi hewa itoke wapi. Nyumba ikiwa imefungwa barabara, itaivuta kutoka palipo wazi, na palipo wazi huwa ni dohani ya hita. Moshi uliokuwa unapanda hugeuka ukashuka. Fikirini jioni moja ya Ramadhani ya majira ya baridi: mama anakaanga sambusa na feni inanguruma, madirisha yamefungwa, na watu watano wanaingia bafuni mmoja baada ya mwingine, hita haipumziki nusu saa nzima. Wa kwanza kuoga hatapata neno. Wa tano ndiye wa kuhofiwa.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Tungedhani kuwa siku za hatari ni zile za barafu. Kumbe dohani huvuta vizuri zaidi penye tofauti kubwa baina ya joto la ndani na baridi ya nje. Siku za ukungu, zisizo na upepo wala baridi kali, moshi hukosa sababu ya kupanda, na hizo ndizo siku tusizokuwa na hadhari.

Walio na hita ya namna ya pili waweza kujipima hivi. Fungeni madirisha, washeni kivuta moshi cha jikoni kwa nguvu yake yote, na mlango wa bafuni ukiwa wazi fungulieni maji ya moto kwa dakika chache. Kisha leteni kijiti cha udi kinachofuka karibu na sehemu ya juu ya hita, pale penye uwazi chini ya bomba la moshi. Moshi wa udi ukivutwa ndani, dohani inafanya kazi yake kwa saa hiyo. Ukisukumwa usoni mwenu, zimeni hita, fungueni madirisha, wala msiiwashe tena mpaka aje fundi. Tazameni pia mwali: wa buluu ni mzuri, wa manjano ni mbaya, na masizi juu ya bati la hita ni ushahidi uliokwisha kuandikwa. Kipimo hiki cha udi hakichukui nafasi ya fundi. Kikitoka vizuri leo, kesho kukiwa na ukungu huenda kikatoka vingine.

Nimetaja udi, basi niseme na juu ya makaa. Majumba ya mawe ya Lamu yaliweka jiko orofa ya juu kabisa ili moshi na joto vitoke, na kwingineko jiko la makaa hukaa uani. Ndugu zetu wa Lubumbashi huliita mbabula, na huko pia mahali pake ni nje. Makaa yaliyokwisha kushika moto, mekundu, yasiyo na moshi, ndiyo yanayotoa gesi hii kwa wingi, na ndiyo yanayomdanganya mtu ayaingize chumbani kwa kuwa hayasumbui macho. Nyumbani Afrika Mashariki watu wamelala na jiko hilo usiku wa baridi wasiamke. Katika chumba cha vioo viwili hapa Brussels hatari ni kubwa zaidi. Chetezo cha ubani chenye kaa dogo si sawa na jiko, lakini kisiachwe katika chumba cha kulala cha mtoto mchanga, na dirisha liwe wazi kidogo.

Sasa juu ya fundi na malipo. Katika mkoa wa Brussels, tangu 2019, boila na hita za gesi hukaguliwa kila baada ya miaka miwili na fundi aliyeidhinishwa na idara ya mazingira ya mkoa, naye hutoa cheti. Yule fundi apitaye mlango kwa mlango na risiti ya mkono hatoshi. Kwa kawaida matunzo ya mara kwa mara hulipwa na mpangaji, na kifaa kilichochakaa kubadilishwa ni juu ya mwenye nyumba. Someni mkataba wenu. Akikataa, mwandikieni barua ya rejista na kubakisha nakala. Mkoa una ukaguzi wa nyumba za kupanga ambao huweza kumlazimisha, lakini sitawaficha kwamba ukaguzi huo ukiiona nyumba ni ya hatari huweza kuzuia isipangishwe, na familia ikalazimika kuhama. Hofu hiyo ndiyo inayowanyamazisha wengi. Kwa hiyo shauri langu ni kuanza na barua, pamoja na cheti cha fundi kinachoeleza kasoro, kwani mwenye nyumba aliyepewa karatasi hiyo anajua kuwa likitokea jambo hatakuwa na udhuru.

Kengele ya moshi, ambayo katika nyumba za kupanga za Brussels ni sharti tangu 2005 na katika nyumba zote tangu 1 Januari 2025, haitambui kaboni monoksaidi. Inahitajika kengele nyingine, nayo iwe imeandikwa EN 50291. Aina nyingi hazipendi mvuke wa bafuni. Soma karatasi yake, na ikikataza itundike nje ya mlango wa bafu, na nyingine, mkimudu, chumbani kwa watoto. Ina umri wake, aghalabu miaka mitano hadi kumi, na tarehe imeandikwa nyuma.

Mkimkuta mtu amezirai bafuni, fungueni dirisha kwanza, zimeni hita kama mwaweza bila kuchelewa, mtoeni nje ya chumba, kisha pigeni 112. Mtakapopiga, semeni neno hili, na watoto walikariri: «Suspicion de CO». Waokoaji wakilisikia huja na vifaa vyao na wao wenyewe hujikinga. Kwa mashaka yasiyo ya dharura, kituo cha sumu, Centre Antipoisons, hupokea simu mchana na usiku kwa namba 070 245 245. Na ikiwa mnasikia harufu ya gesi yenyewe, hilo ni jambo jingine: msiguse swichi, msiwashe kiberiti, tokeni nje, na mkiwa nje pigeni 0800 19 400 ya Sibelga.